Maandiko Haya Yametoka Wapi? Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Asili na Uaminifu wa Kitabu cha Dini

Anayehudhuria mihadhara ya dini katika viwanja vya Dar es Salaam au Mombasa anazijua kauli hizi kwa moyo. Biblia imechakachuliwa. Uthmani alichoma Kurani nyingine. Biblia za siku hizi zimefuta aya. Injili ya kweli ni ya Barnaba, kanisa limeificha. Kauli inatupwa jukwaani, upande mmoja unashangilia, upande wa pili unanuna, na kesho yake kipande cha video kinazunguka kwenye simu za watu. Swali lisiloulizwa ndilo lenye maana kuliko yote: umeyaona wapi hayo? Katika nakala gani, ya karne ya ngapi, iliyohifadhiwa maktaba ipi?

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuuliza hivyo na kufika kwenye jibu. Mifano yangu ni ya Biblia, Kurani na Hadithi, kwa sababu hayo ndiyo maandiko yanayosomwa na kubishaniwa zaidi kwa Kiswahili. Nina msimamo mmoja nao nautaja mapema: mizani unayopimia kitabu cha jirani, upimie na chako. Ukishindwa hilo, hatua zote zinazofuata hazitakufaa kitu.

Hatua ya kwanza: Tenganisha maswali

"Je, kitabu hiki ni cha kweli?" Ndani ya swali hilo yamejificha maswali manne, na ugomvi mwingi wa dini huzuka kwa sababu mmoja anauliza la kwanza na mwenzake anajibu la nne.

La kwanza ni la matini: maneno niliyo nayo leo ndiyo yaliyoandikwa mwanzoni? La pili ni la mwandishi: nani aliandika, lini, na akiwaandikia akina nani? La tatu ni la habari: tukio linalosimuliwa lilitokea hivyo? La nne ni la imani: je, maneno haya yametoka kwa Mungu?

Kitabu kinaweza kufaulu moja na kisifaulu jingine. Matini inaweza kuhifadhiwa vizuri sana na bado ikasimulia jambo ambalo halikutokea. Nayo matini yenye makosa ya wanakili inaweza kubeba ushuhuda wa kweli. Swali la nne halimalizwi kwa vipimo vya maabara wala kwa kusoma nakala za kale, na yeyote anayedai kwamba sayansi imethibitisha au imekanusha ufunuo amevuka mpaka. Lakini mtu akisema kwamba Mungu amekilinda kitabu chake hata herufi moja haikubadilika, hapo ametoa dai la swali la kwanza, na dai hilo linapimika.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika dai lililokusumbua kwa sentensi moja, na pembeni andika ni swali la ngapi. Utashangaa ni madai mangapi yanayokuwa mepesi kuyashika baada ya hapo.

Hatua ya pili: Fungua tafsiri mbili au tatu kwa pamoja

Kwa Biblia, weka mezani Union Version ya 1952 na Habari Njema. Ukiweza, ongeza Biblia ya Kikatoliki yenye vitabu 73. Anza na kurasa za utangulizi ambazo karibu kila mtu huziruka, maana huko ndiko wafasiri hueleza walifuata nini. Halafu tafuta mabano ya mraba na tanbihi za chini ya ukurasa. Mara nyingi jambo ambalo mhadhiri analitangaza kama siri iliyofichwa limechapishwa pale pale, kwa herufi ndogo.

Kumbuka pia kwamba hizi ni tafsiri, na tafsiri ina historia yake. Mmishonari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kuanza na kitabu cha Mwanzo. Agano Jipya la Askofu Steere, kwa Kiunguja, lahaja ya Unguja, lilitoka 1879. Wamombasa walipata Biblia nzima kwa lahaja yao mwaka 1914, na Union Version ilikuja kuwaunganisha wote. Kwa upande wa Kurani, tafsiri ya mwaka 1923 ilikuwa ya Godfrey Dale, mmishonari wa Kianglikana. Ya 1953 ilikuwa ya jumuiya ya Waahmadiyya. Na ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwanazuoni wa Zanzibar, ilikamilika 1969. Soma maelezo ya pembeni ya kila mmoja na utauona msimamo wake. Hoja inayosimama juu ya tafsiri moja tu bado haijasimama.

Hatua ya tatu: Kilinganishe kitabu na chenyewe

Hii haihitaji lugha ya kigeni wala intaneti. Inahitaji usomaji wa polepole.

Soma 1 Samweli 17: Daudi anamwua Goliathi. Kisha soma 2 Samweli 21:19: aliyemwua Goliathi Mgiti, mwenye mkuki ule ule uliofananishwa na mti wa mfumaji, ni Elhanani wa Bethlehemu. Kisha soma 1 Nyakati 20:5: Elhanani alimwua Lahmi, ndugu yake Goliathi. Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya 1611 walipofika kwenye ile 2 Samweli waliongeza maneno "ndugu ya" ili mambo yapatane. Union Version yetu haikuongeza. Wako wanaosema mnakili wa Samweli aliharibu mstari na kitabu cha Nyakati kikahifadhi ulio sahihi. Wengine, nao ni wengi katika wataalamu, wanasema mwandishi wa Nyakati aliuona mgongano akaurekebisha. Usikimbilie kuchagua. Andika maelezo yote mawili, na chini ya kila moja andika ushahidi gani ungeliimarisha.

Mfano mwingine: mfalme Yekonia, ambaye tafsiri nyingine humwita Yehoyakini, alianza kutawala akiwa na miaka 18 kwa mujibu wa 2 Wafalme 24:8, na minane kwa mujibu wa 2 Nyakati 36:9. Hapa sioni sababu ya kutafuta maelezo ya mbali. Ni kosa la kunakili tarakimu, na halibadilishi chochote isipokuwa lile dai kwamba hakuna kosa hata moja.

Hatua ya nne: Nenda kwenye nakala za mkono

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Hakuna hata kitabu kimoja cha Biblia ambacho tunayo karatasi aliyoishika mwandishi. Tulicho nacho ni nakala, na nakala za nakala. Kwa Agano Jipya peke yake kuna zaidi ya nakala 5,000 za Kigiriki, kuanzia vipande vidogo vya mafunjo hadi vitabu vizima vya ngozi. Kipande kilichoko Manchester, chenye mistari ya Yohana 18, kilichapishwa mwaka 1935 na kwa kawaida huwekwa katika karne ya 2, ingawa wako wataalamu wanaoona kinaweza kuwa cha baadaye kidogo. Agano Jipya zima la kale kuliko yote tuliyo nayo limo katika kitabu cha karne ya 4 kilichopatikana kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai. Sehemu yake kubwa ilinunuliwa na Uingereza mwaka 1933 na iko London. Tangu 2009 kila ukurasa unaonekana bure mtandaoni. Kingine cha karne hiyo hiyo kiko Vatikano.

Tofauti kati ya nakala hizo ni nyingi mno. Makadirio hufikia mamia ya maelfu. Idadi hiyo hutumiwa kutisha watu, kwa hiyo ielewe vizuri. Nakala zikiwa nyingi, tofauti nazo huwa nyingi. Sehemu kubwa ni tahajia, mpangilio wa maneno, au neno lililorudiwa kwa bahati mbaya. Zinazogusa maana ni chache, na hizo ndizo za kuzishughulikia.

Fahamu kwanza jinsi makosa yanavyotokea. Mnakili hutazama kitabu cha mbele yake, hukariri maneno machache, huandika, kisha hurudisha jicho. Sentensi mbili zikiishia kwa maneno yale yale, jicho linaweza kurukia ya pili. Katika 1 Yohana 2:23 maneno "amkiriye Mwana anaye Baba pia" hayamo katika nakala nyingi za zama za kati, lakini yamo katika zile za kale. Kwa Kigiriki nusu zote mbili za mstari huo zinamalizika kwa maneno yale yale. Hakuna aliyefuta kwa hila, jicho liliteleza. Wakati mwingine mnakili hulainisha panapokwaruza, au huingiza ndani ya mstari maelezo aliyoyakuta pembeni. Ndiyo maana wahakiki wa matini hupenda kuuliza: kati ya usomaji huu na ule, ni upi unaoeleza jinsi mwenzake alivyozaliwa? Mara nyingi usomaji mgumu ndio wa awali, kwa sababu mnakili ana sababu ya kurahisisha na hana sababu ya kutatiza.

Sasa tuufuate mstari mmoja hadi mwisho. Chukua 1 Yohana 5:7-8 na yale maneno juu ya watatu washuhudiao mbinguni, Baba, Neno na Roho Mtakatifu. Hatua ni hizi. Angalia kama Biblia yako imeyaweka katika mabano au imeyaacha. Fungua kitabu cha Sinai: hayamo. Cha Vatikano: hayamo. Tafuta kwa waandishi wa Kigiriki wa karne ya 4 waliopigania fundisho la Utatu kwa kila andiko walilolipata: hawayatumii, na wangekuwa wa kwanza kuyatumia. Yanaonekana upande wa Kilatini, mwishoni mwa karne hiyo ya 4. Erasmus, mwanazuoni wa Kiholanzi, alipochapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 hakuyaweka, wala katika chapa ya 1519. Akalaumiwa. Kisha ikatokea nakala ya Kigiriki yenye maneno hayo, ambayo sasa iko Dublin, iliyoandikwa katika miaka ile ile ya mwanzo wa karne ya 16, na katika chapa yake ya 1522 akayaingiza. Kutoka hapo yakafika kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611, na kutoka huko yakasambaa duniani.

Hitimisho ni wazi: maneno hayo si ya mwandishi wa waraka. Lakini angalia hitimisho linapoishia. Halithibitishi kwamba fundisho la Utatu lilibuniwa mwaka 1522. Waliolitetea katika karne ya 4 walilitetea bila mstari huu. Mhadhiri anayeruka kutoka "mstari umeongezwa" hadi "fundisho zima ni la kutungwa" ameacha pengo la hoja katikati, na mchungaji anayeendelea kuuhubiri mstari huo bila kuwaambia waumini wake naye anawanyima haki yao.

Kuna sehemu nyingine mbili kubwa za kupima kwa njia hiyo hiyo. Marko 16:9-20 haimo katika vitabu vya Sinai na Vatikano, ambavyo vinaishia pale wanawake wanapokimbia kaburini kwa hofu. Hata hivyo Askofu Irenaeus, mnamo mwaka 180, tayari anaunukuu mstari wa 19, kwa hiyo nyongeza hiyo, kama ni nyongeza, ni ya kale sana. Nayo si habari ya wasomi peke yao: katika milima ya Appalachia, Marekani, wako waumini walioshika nyoka wenye sumu ibadani kwa kufuata mstari wa 18, na wengine wakafa. Sehemu ya pili ni kisa cha mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 7:53 hadi 8:11. Nakala za Kigiriki za mwanzo kabisa hazina kisa hicho, na kundi moja la nakala za baadaye limekiweka katika Luka. Habari inayohamahama hivyo ilikuwa ikisimuliwa kabla haijapata makazi. Inawezekana kabisa ikawa ni kumbukumbu ya kweli ya Yesu na bado isiwe sehemu ya Injili ya Yohana. Ndiyo faida ya kutenganisha maswali.

Kwa Agano la Kale, kigezo ni magombo ya Qumran, yaliyoanza kupatikana karibu na Bahari ya Chumvi mwishoni mwa miaka ya 1940. Kabla yake, Biblia nzima ya Kiebrania ya kale tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mwaka 1008. Gombo kuu la Isaya limeitangulia kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kwa sehemu kubwa linakubaliana nayo. Wahubiri wengi hukomea hapo, na kukomea hapo si haki. Qumran ilipatikana pia Yeremia ya Kiebrania iliyo fupi, inayolingana na tafsiri ya kale ya Kigiriki, bega kwa bega na ile ndefu. Yaani vitabu vingine vilikuwa na matoleo mawili yaliyosomwa kwa wakati mmoja. Hata urefu wa Goliathi: Union Version inasema mikono sita na shibiri, karibu mita tatu, gombo la Samweli la Qumran na tafsiri ya Kigiriki yanasema mikono minne na shibiri, karibu mita mbili.

Hatua ya tano: Ifanyie Kurani kazi hiyo hiyo

Muislamu mwenye kutaka kujua hana haja ya kuanzia kwa maadui wa Uislamu. Aanzie kwa Bukhari, mkusanyaji mashuhuri wa Hadithi. Humo imo habari ya Abu Bakri kumwagiza Zaidi bin Thabiti akusanye Kurani baada ya wasomaji wengi kuuawa vitani Yamama, na Zaidi kuikusanya kutoka katika makuti ya mitende, mawe na vifua vya watu. Humo imo pia habari ya Khalifa Uthmani kuandaa misahafu, kuipeleka mijini, na kuamuru iliyobaki ichomwe. Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe wamepokea kwamba msahafu wa Ibn Mas'ud, sahaba wa Mtume, haukuwa na sura mbili za mwisho, na kwamba wa sahaba mwenzake Ubayy bin Ka'ab ulikuwa na dua mbili za ziada. Hizi si siri. Ziko katika vitabu vya elimu ya Kurani, ila hazifiki madrasani wala kwenye mihadhara.

Kisha njoo kwenye ngozi zenyewe. Mwaka 1972, wakati wa ukarabati wa Msikiti Mkuu wa Sanaa, Yemen, zilipatikana nakala nyingi chakavu. Moja ilikuwa na maandishi mawili: ya chini yalifutwa, ya juu yakaandikwa upya. Yale ya juu ni matini ya Uthmani. Ya chini, yaliyosomwa kwa miale maalumu, ni Kurani pia, lakini yana tofauti za maneno na mpangilio mwingine wa sura. Huko Birmingham, Uingereza, ilitangazwa mwaka 2015 kwamba kurasa mbili zenye sehemu za sura ya 18 hadi 20 zimepimwa kaboni, na ngozi yake ni ya kati ya 568 na 645. Kipimo hicho kinapima umri wa ngozi ya mnyama, si wa wino. Anayekitumia kuthibitisha kila kitu amekitwisha mzigo kisioweza kuubeba. Hata hivyo ushahidi wote pamoja unaonyesha kwamba matini ya Uthmani ilitulia mapema mno, ndani ya karne ya kwanza ya Hijra. Ukilinganisha na vitabu vingi vya kale hilo si jambo dogo, na Mkristo muungwana hana budi kulikubali.

Baada ya hapo jifunze habari ya visomo, yaani njia za kuisoma Kurani zilizopokewa. Mwanazuoni Ibn Mujahid, aliyefariki 936, alikubali visomo saba. Misahafu mingi tunayoiona leo Afrika Mashariki inafuata kisomo cha Hafsi, alichokipokea kutoka kwa mwalimu wake Asimu, na chapa ya Kairo ya 1924 ilichangia sana kukieneza kisomo hicho. Afrika ya Kaskazini na Magharibi wengi husoma kisomo cha Warshi. Katika Fatiha, Hafsi anavuta sauti, "Maaliki", mwenye kumiliki siku ya malipo. Warshi havuti, na maana inakuwa mfalme wa siku hiyo. Mafundisho ya Kiislamu yanasema visomo vyote vimepokewa kutoka kwa Mtume. Mwanahistoria anaona pia nafasi ya hati ya mwanzo isiyokuwa na nukta wala irabu. Lakini kauli kwamba kila msahafu duniani unafanana na mwingine kwa kila herufi ni kauli ya jukwaani, na mwenye elimu ya visomo hawezi kuitoa.

Hatua ya sita: Hadithi hupimwa kwa isnadi na matini

Isnadi ni mnyororo wa wasimulizi, na matini ni maneno yenyewe ya hadithi. Katika hili Waislamu walitangulia. Karne nyingi kabla ya vyuo vikuu vya Ulaya kuhakiki chochote, walikuwa wakiuliza: nani alikusimulia, naye alisikia kwa nani, walikutana kweli, alikuwa mkweli, alikuwa na hifadhi nzuri? Kwa hiyo ukiletewa hadithi kwenye simu, uliza mambo matatu: imo katika kitabu gani, mnyororo wake ni upi, na wanazuoni wameipa daraja gani.

Jaribu kwa hii: "Tafuteni elimu hata China." Tumeisikia kwenye mahafali, kwenye hotuba za viongozi, na kuiona kwenye kuta za shule. Baihaki, mwanazuoni wa Hadithi, alisema maneno yake yamezagaa lakini isnadi yake ni dhaifu. Ibn Hibbani aliikataa kabisa, na Ibn al-Jauzi, aliyefariki 1201, aliiweka katika mkusanyo wake wa hadithi za kutungwa. Wazo lake ni jema, na uzuri wa wazo ndio uliomfanya kila mtu asiulize.

Mhakiki wa leo huongeza swali ambalo wengi wa wale wa kale hawakulikazia sana: yaliyomo ndani yanafaa zama za Mtume, au yanafanana na ugomvi wa kisiasa wa miaka 100 baadaye?

Hatua ya saba: Tafuta mwandishi na wakati

Usichukue jina lililo juu ya kitabu kama ushahidi wa mwisho. Injili nne hazimtaji mwandishi ndani yake. Majina tunayapata kwa uhakika kwa Irenaeus, mnamo 180. Wataalamu wengi huiweka Marko karibu na mwaka 70 na nyingine baada yake. Luka mwenyewe, katika mistari minne ya kwanza, anasema wengine wametangulia kuandika na kwamba yeye amechunguza. Yeye hajitaji kuwa shahidi wa macho. Kati ya nyaraka 13 zenye jina la Paulo, saba hazibishaniwi: Warumi, mbili za Wakorintho, Wagalatia, Wafilipi, 1 Wathesalonike na Filemoni. Waraka kwa Waebrania haujitaji mwandishi hata kidogo, na Origen, mwanazuoni Mkristo wa kale, aliandika kwamba Mungu peke yake ndiye anayejua aliyeuandika.

Kwa Torati, soma Kumbukumbu 34, inayosimulia kifo na maziko ya Musa, na Mwanzo 36:31, inayotaja wafalme waliotawala Edomu kabla ya mfalme yeyote kuwatawala wana wa Israeli. Sentensi hiyo ya pili inamtaka mwandishi aliyeishi wakati Israeli tayari ina wafalme. Rabi Ibn Ezra aligusia mafumbo ya aina hii katika karne ya 12, kwa tahadhari kubwa.

Hapa hapa maliza na ile kauli kwamba Biblia iliamuliwa Nikea, katika baraza la maaskofu. Baraza la mwaka 325 halikuchagua vitabu vya Biblia. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, bila kupungua wala kuzidi, ni katika barua ya Askofu Athanasio ya mwaka 367, na hata baada yake makanisa hayakuwa na orodha moja. Waethiopia wa Orthodoksi hadi leo wanakisoma kitabu cha Henoko, ambacho waraka wa Yuda unakinukuu.

Hatua ya nane: Sikiliza mashahidi wa nje

Tafuta maandishi na mabaki yasiyokuwa na masilahi na kitabu unachokipima. Kisa ninachokipenda ni cha Hezekia. 2 Wafalme 18:14 inasema Senakeribu wa Ashuru alimtoza talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Kumbukumbu za Senakeribu mwenyewe, zilizochongwa juu ya udongo na kuhifadhiwa London, zinataja vita hivyo vya 701 K.K., miji 46 iliyotekwa, na Hezekia aliyefungiwa Yerusalemu kama ndege kizimbani. Zinataja talanta 30 za dhahabu, lakini 800 za fedha. Na hazisemi kwamba Yerusalemu ulitekwa. Maadui wawili, kila mmoja akijisifu kwa upande wake, wanakubaliana juu ya kiini cha tukio.

Kuta za Yeriko ni habari nyingine. Mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alichimba huko katika miaka ya 1950 na kukuta mji uliharibiwa karibu 1550 K.K., mapema kuliko wakati ambao kwa kawaida Yoshua anawekwa. Na sensa ya Luka 2:2: Yosefo, mwanahistoria Myahudi, anaiweka sensa ya liwali Kirenio mwaka wa 6 B.K., ilhali Herode wa Mathayo 2 alikuwa amefariki karibu miaka kumi kabla yake. Kwa Kurani, kushindwa kwa Warumi katika mwanzo wa sura ya 30 kunalingana na vita vinavyojulikana kati ya Waajemi na Warumi wa Bizanti, waliopoteza Yerusalemu mwaka 614. Kisa cha Dhulqarnaini katika sura ya 18 nacho kimelinganishwa kwa muda mrefu na simulizi la Kisiria la Aleksanda, na wataalamu bado wanabishana lipi lilitangulia. Matokeo hayaelekei upande mmoja, na usiyalazimishe.

Hatua ya tisa: Ukiambiwa "kimefichwa", ongeza umakini

Injili ya Barnaba ipime kwa hatua zote zilizotangulia. Nakala yake ya kale, ya Kitaliano, iko Vienna na ni ya mwishoni mwa karne ya 16. Haijafichwa: ilichapwa Oxford mwaka 1907 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ndani yake Yesu anasafiri kwa chombo kutoka ziwa la Galilaya hadi Nazareti, mji ulio vilimani mbali na maji. Inataja yubile ya kila miaka 100, ilhali Mambo ya Walawi 25 inasema 50. Yubile ya karne ilitangazwa na Papa Bonifasi wa Nane mwaka 1300. Na inamfanya Yesu akane kuwa Masihi, cheo ambacho Kurani yenyewe inampa katika sura ya 3:45. Anayeisambaza kwa ajili ya Uislamu aisome kwanza. Tena usiichanganye na Waraka wa Barnaba uliomo katika kitabu cha Sinai. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Wakristo nao wametapeliwa vivyo hivyo. Jumba la Makumbusho ya Biblia la Washington lilikuwa na vipande 16 vilivyosemwa kuwa vya magombo ya Bahari ya Chumvi, na mwaka 2020 uchunguzi ulionyesha vyote ni bandia. Uliza kila mara: kilipatikana wapi, na nani, na kabla ya hapo kilikuwa mikononi mwa nani?

Hatua ya kumi: Peleka maswali yako kwa watu

Andika uliyoyapata katika daftari kwa safu tatu: dai, ushahidi, na kiwango cha uhakika wako (hakika, yaelekea, haijulikani). Kisha mwendee mwenye elimu. Usimkabili sheikh au mchungaji mbele ya waumini wake. Mwendee baada ya swala au ibada, umwamkie ipasavyo, umwambie ulichosoma na umwombe akuonyeshe ulipokosea. Uliza swali moja kwa siku moja. Wako watakaokufukuza, na wako watakaofurahi kwamba hatimaye mtu ameuliza. Ukipata wa namna ya pili, rudi kwake.

Nyumbani nenda polepole zaidi. Mama aliyemzika mtoto wake kwa kusomewa Yohana 11 au Yasini hana haja ya kusikia habari za nakala za mkono siku hiyo. Mdogo wako anayekuuliza kwa nini Biblia yake ina mabano anayo haja hiyo, na unaweza kukaa naye mkafungua pamoja ukurasa wa kitabu cha Sinai kwenye simu, mtafute mwisho wa Marko, na aone kwa macho yake mahali ambapo mnakili aliweka kalamu chini.